Mbio za Bob Hayes na Hukumu ya Wenzake

Wahenga walisema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Msemo huu hutumiwa aghalabu kumwonya mtu anayejitapa, lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo mwanahistoria hana budi kulitazama. Mbio zote zina sakafu, na kila sakafu ina ukingo uliojengwa na mtu. Atakaye kujua kwa nini mkimbiaji alisimama pale aliposimama asiitazame miguu yake peke yake, bali aulize pia ukingo ule uliwekwa na nani, na lini. Insha hii yaeleza habari za Robert Hayes, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bob, mkimbiaji wa mbio fupi aliyegeuka kuwa mdakaji wa timu ya Dallas Cowboys katika mpira wa Kimarekani. Nia yake si kumsifu, maana sifa anazo. Nia yake ni kuuliza sifa hizo zilipimwa kwa mizani gani, na kwa nini mizani hiyo ilichelewa kumtendea haki hata akafa.

Mchezo wenyewe wahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa haufanani na kandanda tuijuayo. Uwanja una urefu wa yadi 100 baina ya mistari miwili ya mwisho, na kila upande una watu 11. Wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusonga mbele yadi 10. Wakifaulu hupewa majaribio mengine, wakishindwa huupoteza mpira. Anayeuvuka mstari wa mwisho na mpira mikononi huipatia timu yake pointi 6. Mpira waweza kubebwa kwa kukimbia, au waweza kurushwa hewani na mrushaji ili umfikie mdakaji aliyetangulia mbele. Kazi ya mdakaji, basi, ni kumponyoka adui, kufika mahali ambapo mpira utaanguka, na kuushika huku mwili wake ukigongwa. Wapinzani nao wana njia mbili za kumzuia. Ya kwanza ni kumpa mlinzi mmoja amfuate kama kivuli. Ya pili ni kugawana uwanja, kila mlinzi akalinda eneo lake na kumpokea yeyote aingiaye humo. Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo kiini cha mabishano juu ya Hayes, na msomaji aiweke moyoni.

Hayes alizaliwa tarehe 20 Desemba 1942 katika mji wa Jacksonville, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Huko sheria na desturi ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, hotelini, hospitalini na michezoni. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa kutenga shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, walakini hukumu ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Kijana mweusi wa Florida mwenye mbio kuliko wote hakuweza, katika miaka ya mwanzo ya 1960, kuvaa fulana ya Chuo Kikuu cha Florida. Timu kubwa ya mpira ya chuo hicho haikuwa na mchezaji mweusi uwanjani hadi mwaka 1970. Hayes alikwenda Tallahassee, katika chuo cha Florida A&M, kilichoanzishwa mwaka 1887 kwa ajili ya watu weusi.

Mwalimu wa mpira wa chuo hicho alikuwa Alonzo Gaither, aliyeitwa Jake, ambaye aliiongoza timu yake tangu mwaka 1945 hadi 1969, akashinda michezo 203 na kushindwa 36 tu. Hesabu hiyo yastahili kutafakariwa. Gaither alikuwa mwalimu hodari, lakini uhodari wake ulilishwa pia na dhuluma: milango ya vyuo vikubwa ilipofungwa, vijana bora wa weusi walikusanyika katika vyuo vichache vilivyowapokea. Umaskini wa vyuo hivyo kwa fedha na viwanja ulikwenda pamoja na utajiri wa vipaji. Hayes alicheza huko katika nafasi ya nyuma, akibeba mpira zaidi ya kuudaka. Hili lina maana kwa yatakayofuata, kwa sababu wapo waliomchukulia kuwa mkimbiaji aliyebahatika kupewa mpira, ilhali alikuwa mchezaji wa mpira aliyezaliwa na mbio.

Mbio zenyewe zilikuwa za ajabu. Mwezi wa Juni mwaka 1963, katika mji wa St. Louis, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1, na hakutokea wa kupunguza muda huo mpaka mwaka 1974. Mwanzoni mwa 1964 akawa mtu wa kwanza kumaliza yadi 60 za ndani ya ukumbi kwa muda usiofika sekunde 6. Yafaa tukumbuke nyakati. Mwezi mmoja kabla ya mbio zile za St. Louis, wanafunzi wa chuo chake walikuwa wakiandamana katika majumba ya sinema ya Tallahassee yasiyowaruhusu kuingia, nao walikamatwa kwa mamia. Chuo kimoja, mwaka mmoja, vijana wa rika moja: mmoja ashangiliwa na taifa zima kwa sababu ya miguu yake, na wenzake watiwa ndani kwa sababu walitaka kukata tiketi.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 15 Oktoba 1964, Hayes alipewa mstari wa kwanza, ule wa ndani, wa njia ya makaa yaliyosagwa ambayo ilikuwa imekwisha kuchimbwachimbwa na nyayo za waliotangulia. Alishinda mita 100 kwa sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia, akamwacha Enrique Figuerola wa Cuba kwa tofauti ambayo ni nadra kuonekana katika mbio fupi namna hiyo. Siku sita baadaye, katika mbio za kupokezana vijiti, alipokea kijiti wakati timu yake imekwisha kuachwa na wengine kadha, akawapita wote, na Marekani ikaweka rekodi ya dunia ya sekunde 39.0. Wapimaji hawakuafikiana juu ya muda wake katika kipande kile. Makadirio yaliyo mengi ni kati ya sekunde 8.6 na 8.9. Wako wanaosema mpaka leo kuwa hakuna mwanadamu aliyepata kukimbia namna ile.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wana haki ya kuikumbuka Tokyo kwa sababu yao wenyewe. Aliyebeba bendera ya Kenya huko alikuwa Seraphino Antao wa Mombasa, aliyekuwa ameshinda mbio mbili fupi katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth mwaka 1962. Na siku moja baada ya ushindi wa Hayes, Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800. Katika fainali ile ile ya mita 100 alikuwamo pia Gaoussou Koné wa Ivory Coast. Uwanja mmoja, basi, ulikusanya vijana wa Kiafrika waliotumwa na mataifa mapya, na kijana wa asili ya Afrika aliyetumwa na taifa la zamani ambalo lilikuwa bado halijaamua kama ni mwananchi kamili.

Dallas Cowboys walikuwa wamemchagua kabla ya Tokyo, katika uteuzi wa mwaka 1964, raundi ya 7, akiwa mtu wa 88 kwa hesabu. Nafasi hiyo ya chini yatuambia kuwa timu nyingi hazikumwamini. Zilijua kwamba wakimbiaji wa riadha hawapendi kugongwa, na ya kuwa mikono ya mwenye mbio si lazima iwe mikono ya mdakaji. Timu yenyewe ilikuwa changa. Ilianzishwa mwaka 1960, ikamaliza msimu wake wa kwanza bila ya kushinda hata mchezo mmoja, na tangu hapo haikupata kumaliza msimu wowote ikiwa imeshinda zaidi ya ilivyoshindwa. Mwalimu wake, Tom Landry, alikuwa mtu wa hesabu na mpango, na alihitaji kitu ambacho mpango wa adui haukukitazamia.

Alikipata. Katika msimu wa 1965, wa kwanza kwake, Hayes alidaka mipira 46 kwa yadi 1,003, akavuka mstari wa mwisho mara 12 kwa mipira hiyo. Msimu uliofuata alidaka mipira 64 kwa yadi 1,232, akavuka mara 13. Tarehe 13 Novemba 1966, akicheza na timu ya Washington, alipata yadi 246 kwa siku moja, na mpira mmoja kati ya hiyo, uliorushwa na Don Meredith, uliisogeza timu yadi 95. Hesabu ile ya yadi 246 haikupitwa na mchezaji yeyote wa Dallas mpaka mwaka 2009. Mwaka huo huo wa 1966 timu iliyokuwa dhaifu ilishinda michezo 10, ikafika fainali ya ligi kwa mara ya kwanza. Hatusemi kuwa mtu mmoja alifanya haya yote, lakini mtu asemaye kuwa yalitokea bila ya Hayes ana kazi kubwa ya kuthibitisha.

Hapa ndipo linapozuka dai linalorudiwa katika kila habari zake, kwamba yeye ndiye aliyewalazimisha walinzi kuacha njia ya mtu kwa mtu na kubuni ulinzi wa eneo. Dai hili lapendeza, ndiyo maana limeenea. Walakini mwanahistoria hapaswi kulipokea kama lilivyo. Ulinzi wa kugawana uwanja ulikuwapo kabla yake. Mwaka 1950 Steve Owen, mwalimu wa New York Giants, aliwatandaza walinzi wake mithili ya mwavuli ili kuizuia Cleveland, na Cleveland haikupata hata pointi moja siku hiyo. Kwa hiyo, kusema kuwa Hayes alisababisha ulinzi huo ubuniwe ni kutia chumvi. Lakini kuna tofauti kati ya kitu kujulikana na kitu kuwa cha lazima. Mwavuli hujulikana siku zote, ila watu huununua inapoanza mvua. Mlinzi aliyekabidhiwa Hayes peke yake alikuwa akikabidhiwa mtu ambaye hakuna binadamu angeweza kumfikia akishatangulia, na timu pinzani zililazimika kutoa mlinzi wa pili, na mara nyingine wa tatu. Kila mlinzi wa ziada aliyevutwa kwake aliacha pengo kwa mwingine. Kazi hiyo ya kuvuta watu haina safu katika jedwali la takwimu, wala haihesabiwi kwa yadi, na mizani isiyoihesabu ni mizani yenye kasoro.

Yule asemaye kuwa ni mbio tu na atazame yaliyowapata wengine. Jim Hines, aliyeshinda mita 100 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alichukuliwa na Miami Dolphins. Alidaka mipira 2, na mambo yakaisha. Tommie Smith, mshindi wa mita 200 katika michezo ile ile, alijaribiwa na Cincinnati Bengals, naye hakudumu. Ikiwa mbio peke yake zatosha, mbona hao hawakuwa Hayes? Jibu liko Tallahassee, katika miaka aliyobeba mpira chini ya Gaither akigongwa na kuinuka.

Haidhuru kumpenda mtu, lakini haifai kuficha upungufu wake. Tarehe 31 Desemba 1967, katika mji wa Green Bay, timu ya Dallas ilicheza fainali ya ligi katika baridi iliyoshuka hadi digrii 25 chini ya sifuri kwa kipimo cha selsiasi. Hayes alidaka mipira 3 kwa yadi 16 tu. Wapinzani wake wamesimulia kuwa kila alipojua mpira hautaletwa kwake aliingiza mikono katika suruali ili kuipasha moto, na kila alipoutazamia aliitoa. Nao wakasoma mikono yake kama mtu asomavyo barua. Dallas ilishindwa kwa pointi 21 kwa 17. Habari hii ni ya kweli, na wakosoaji wake wana haki ya kuitaja. Lakini kisa cha mchana mmoja wa barafu kimekuwa kikisimuliwa kwa bidii kuliko misimu kumi ya kazi, na hilo nalo ni jambo la kuulizwa.

Aliendelea. Mwaka 1968 aliongoza ligi kwa wastani wa yadi 20.8 kila alipourudisha mpira uliopigwa teke na wapinzani. Mwaka 1970 alidaka mipira 34 tu, lakini kila mmoja uliizaa timu yake yadi 26.1 kwa wastani, naye akavuka mstari wa mwisho mara 10. Tarehe 16 Januari 1972, mjini New Orleans, Dallas iliishinda Miami kwa pointi 24 kwa 3 katika Super Bowl, na Hayes akawa mtu wa kwanza kumiliki medali ya dhahabu ya Olimpiki na pete ya ubingwa huo. Baada ya hapo alishuka upesi. Katika msimu wa 1974 alidaka mipira 7. Mwaka 1975 alihamia San Francisco 49ers, akacheza michezo 4, na mlango ukafungwa. Jumla ya kazi yake ni mipira 371, yadi 7,414, na kuvuka mstari mara 71 kwa kudaka.

Ukingo ulikuja kwa namna nyingine. Mwaka 1979, katika mahakama ya Texas, alikiri kosa la kumpa dawa za kulevya askari aliyejificha katika nguo za raia. Alihukumiwa miaka 5, akakaa gerezani miezi 10. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1990 alieleza mwenyewe habari za pombe na dawa hizo, wala hakujitakasa. Mtu alikosa, akahukumiwa na sheria, akaitumikia adhabu yake. Kwa desturi ya mahakama deni hilo lilikuwa limelipwa.

Katika mahakama ya sifa halikulipwa. Jumba la Heshima la mpira huo lililoko Canton, Ohio, lilifunguliwa mwaka 1963, na wanaochagua wa kuingia humo ni kamati ambayo kwa sehemu kubwa ni ya waandishi wa habari. Kanuni yao ni kupima kazi ya uwanjani peke yake. Miaka ikapita na jina la Hayes halikupita. Mwaka 2001 timu ya Dallas ilimweka katika orodha ya mashujaa wake, naye akiwa mgonjwa. Tarehe 18 Septemba 2002 alifariki Jacksonville, mji aliozaliwa, akiwa na umri wa miaka 59. Mwaka 2004 jina lake lilifikishwa mbele ya kamati likakataliwa tena, na Paul Zimmerman, mwandishi wa siku nyingi wa gazeti la Sports Illustrated, akajiuzulu ujumbe wake kwa kupinga. Ilipofika 2009 ndipo alipokubaliwa.

Hata siku ya kukubaliwa haikukosa somo kwa wanahistoria. Ilisomwa hadharani barua iliyosemwa kuwa ni yake, yenye tarehe ya mwaka 1999, akiwashukuru watu kwa heshima aliyotazamia kuipata. Wengi walitokwa na machozi. Kisha wakatokea watu walioitazama karatasi yenyewe badala ya maneno, wakaona imepigwa kwa aina ya herufi ambayo haikuwafikia wananchi mpaka mwaka 2007, miaka mitano baada ya kifo chake. Marehemu aliyenyimwa nafasi ya kusema akiwa hai akawekewa maneno kinywani alipokwisha kufa. Chanzo kinachotupendeza ndicho kinachohitaji kuchunguzwa zaidi, na kanuni hii yatufaa sisi tunaokusanya habari za malenga na masultani wa pwani sawasawa na inavyowafaa waandishi wa michezo.

Tuitazame sasa mizani yenyewe. Wanaomlinganisha Hayes na wadakaji wa leo huweka hesabu mbili kando kwa kando, kama kwamba zilipatikana katika mchezo mmoja. Alicheza katika msimu wa michezo 14. Tangu 1978 msimu ulikuwa wa michezo 16, na tangu 2021 ni 17. Katika siku zake mlinzi aliruhusiwa kumgonga mdakaji njia nzima mpaka mpira uwe umerushwa. Mwaka 1978 sheria ilibadilishwa, na mlinzi akakatazwa kumgusa akishapita yadi 5. Mipira irushwayo ikaongezeka, na rekodi zikapanda kama maji ya bamvua. Mtu mrefu aliyesimama bondeni aweza kuonekana mfupi kuliko mtoto aliyesimama mlimani, naye apimaye kwa macho atamdhulumu. Kwa wastani Hayes aliipatia timu yake yadi 20 kwa kila mpira alioudaka. Huo ndio wastani wa mtu aliyekwenda mbali na kugongwa njiani.

Yawezekana kuwa kamati ilimnyima kwa sababu ya gereza, na yawezekana ilimnyima kwa sababu ya hesabu. Wajumbe walikuwa wengi na mioyo ya watu haiandikwi katika kumbukumbu za mikutano. Twaweza tu kuyatazama matokeo. Ikiwa kigezo kilikuwa kazi ya uwanjani, kazi hiyo ilikamilika mwaka 1975 wala haikuongezeka hata yadi moja baadaye. Yaliyotosha mwaka 2009 yalitosha miaka ishirini kabla. Ikiwa kigezo kilikuwa mwenendo, basi kamati ilivunja kanuni yake yenyewe. Katika njia zote mbili, kilichobadilika baina ya kukataliwa na kukubaliwa si Hayes, bali waamuzi wake.

Husemwa kuwa mcheza kwao hutunzwa. Bob Hayes alicheza kwao. Alicheza katika jimbo lililomfungia chuo chake kikubwa, alikimbia kwa ajili ya bendera ya nchi iliyowakamata wanafunzi wenzake, na aliijenga timu ambayo baadaye ilijiita timu ya Marekani yote. Tunzo zilikuja, lakini ile kubwa ilikuja miaka 7 baada ya yeye kuzikwa. Sisi tunaoandika habari za watu tusijifariji kwa kusema kuwa hatimaye haki ilitendeka. Haki inayomfikia mtu kaburini huwafaa wasimuliaji kuliko inavyomfaa yeye, na yatupasa kuwapima watu wangali na masikio ya kusikia.